Vitabu Chini ya Magunia

Kila siku ya shule, saa moja asubuhi, nilikuwa nafungua mlango wenye kufuli mbili. Juu ya mlango huo palikuwa pameandikwa MAKTABA. Ndani hapakuwa na msomaji. Palikuwa na magunia ya mahindi na maharagwe.

Jina langu ni Kageha, lakini hapa wananiita Mama Nafula. Ninapika githeri, yaani mahindi na maharagwe pamoja, katika shule moja ya msingi karibu na Chekalini. Mimi mwenyewe niliishia darasa la nane. Mtoto wangu Nafula yuko gredi ya tano, shule hiyo hiyo.

Huku kwetu tunalima mahindi. Kila mzazi huleta shuleni gorogoro lake, mkebe wa kilo mbili uliojaa mahindi, ndiyo watoto wapate chakula cha mchana. Miaka mitatu iliyopita mahindi hayo yalikuwa yanaibwa. Wakati huo huo, shule ililetewa maboksi sita ya vitabu vya hadithi. Chumba chenye kufuli na vyuma dirishani kilikuwa kimoja tu. Basi tukaitwa mkutano.

Mzee Mukhwana, mwenyekiti wa wazazi, alisimama akauliza, "Mwizi akija, ataiba nini? Mahindi ama hadithi?"

Tulicheka sana.

"Hadithi haisongwi ugali!" mama mmoja akapaza sauti kutoka nyuma.

Tukainua mikono. Mkono wangu pia ulikuwa juu. Mahindi yakaingia maktaba. Maboksi yakasukumwa ukutani, magunia yakapangwa juu yake.

Panya walifuata mahindi. Mchwa walitoka chini ya sakafu. Nikiinua gunia, naona kurasa zimetafunwa, zingine zimetoka kabisa. Sasa, mvua ikinyesha, kuni za shule haziwaki. Karatasi inawaka. Nilizichukua kurasa hizo nikawashia moto. Sikuuliza mtu, na hakuna mtu aliyeniuliza.

Wakati wa mapumziko Nafula alikuwa anakuja jikoni.

"Mama, naweza kuchukua hii?"

"Chukua. Si ni takataka tu."

Siku moja alipata hadithi ya fisi. Alisoma akiwa amesimama kando ya sufuria, kisha akageuza karatasi. Nyuma hapakuwa na mwisho.

"Mama, fisi anabisha mlango, halafu imeisha. Ni nani alifungua?"

"Muulize panya. Yeye ndiye amekula mwisho."

Nilicheka peke yangu. Yeye alitafuta penseli.

Kuanzia hapo alikuwa anaandika miisho mwenyewe. Jioni nikipukuchua mahindi, ananisomea. Katika ile ya fisi, aliyefungua mlango alikuwa kuku. Kuku akasema, "Karibu, mgeni. Lakini hapa kwetu tunaacha viatu nje, na meno pia." Nilicheka mpaka punje zikanimwagika. Karatasi zake zote aliziweka katika boksi la sabuni, chini ya kitanda.

Mwezi wa tano mvua ilinyesha wiki nzima. Kuni zote zililowa. Asubuhi moja nilijua jikoni sina karatasi hata moja, na kurasa zilizotoka chini ya magunia zilikuwa zimeisha. Nafula alikuwa ametangulia shuleni. Nilivuta lile boksi la sabuni.

Sitasema sikujua. Niliuona mwandiko wake. Nilijiambia, hizi ni karatasi, ataandika zingine. Watoto mia tatu wanangoja githeri.

Moto uliwaka vizuri siku hiyo.

Saa sita na nusu Nafula alikuja na sahani yake. Kando ya mawe ya jiko kulikuwa na kipande kimoja kilichoungua nusu. Alikiokota, akakisoma. Aliweka sahani chini.

"Njoo nikupakulie," nikamwambia.

"Nimeshiba."

Hakulia. Afadhali angelia. Alirudi darasani na njaa yake.

Baada ya wiki mbili Madam Cherop alikuja jikoni. Ni mwalimu mgeni, alihamishiwa kwetu muhula huo kutoka upande wa Eldoret. Salamu ya huku alikuwa ameshajifunza.

"Mulembe, Mama Nafula."

"Mulembe, Madam. Karibu, lakini moshi utakuumiza."

"Nimekuja kwa sababu ya mtoto. Nampa karatasi aandike hadithi, anairudisha tupu. Nilipomuuliza, unajua alisema nini?"

"Alisema nini?"

"Alisema, 'Kwa nini niandike, Madam? Mama atahitaji ya kuwashia moto.'"

Niliweka mwiko chini. Nilimweleza yote. Kisha nikampeleka kwenye kile chumba, tukasaidiana kusukuma magunia. Boksi la kwanza lilibomoka tukilishika. Ndani kulikuwa na udongo wa mchwa, umeshika umbo la vitabu.

Madam Cherop hakunigombeza. Alichukua kitabu kimoja kilichobaki na jalada lake, akakipangusa kwa leso.

"Mama Nafula, mkulima anajua kuweka mahindi, si ndiyo? Unayawekaje?"

"Juu ya mbao. Yasiguse chini wala ukuta. Yapate hewa."

"Na vitabu ni hivyo hivyo. Tofauti ni moja. Mahindi unayafungia. Kitabu ukikifungia, kinaoza. Kinataka mikono."

"Lakini watoto si watavichafua?"

"Watanawa mikono. Kikichanika, tunakibandika kwa uji wa unga wa ngano. Kitabu chenye alama za vidole kimefanya kazi yake. Hiki kisafi kimefanya nini?"

Mkutano uliitwa tena. Mzee Mukhwana alikuwa na swali.

"Madam, vikienda nyumbani vitapotea. Huku kwetu watu wanafunganga sukari na karatasi."

"Vichache vitapotea, mwenyekiti. Hivi mlivyofunga na kufuli mbili, vimebaki vingapi?"

Maboksi yaliletwa mbele, yakamwagwa kwenye nyasi. Vilivyosalimika havikujaza maboksi mawili. Siku hiyo hakuna aliyecheka. Nilisimama.

"Vingine ni panya," nikasema. "Vingine ni mchwa. Vingine nilipikia mimi, na watoto wenu wakala."

Mzee Mukhwana alivua kofia. Kisha akasema ana mbao nyumbani.

Wazazi walijenga stoo ya mahindi nyuma ya jikoni, sakafu yake imeinuliwa. Maktaba ikafagiliwa. Rafu zikasimamishwa mbali na ukuta, kila mguu ndani ya mkebe wenye oili chafu ya magari, mchwa wasipande. Mtoto akiazima kitabu, anaandika jina lake, jina la kitabu na tarehe. Nyumbani anamsomea mzazi kila jioni, hata kama ni dakika kumi. "Hata mzazi asiyejua kusoma ana masikio," Madam Cherop alituambia. "Muulize mtoto: nani alikuwa ndani? Ilikuwaje? Wewe ungefanya nini?"

Siku ya Ijumaa watoto wanaandika hadithi zao. Madam hatoi kalamu nyekundu kwanza. Anasoma, anauliza, mtoto anaendelea. Makosa yanarekebishwa mwisho. Hadithi nzuri zinabandikwa ukutani. Watoto waliokuwa wanakazana na silabi muhula wa kwanza, sasa wanasukumana mlangoni.

Nafula alikaa wiki nyingi bila kuandika. Alikuwa anasoma tu. Halafu Ijumaa moja akaomba daftari. Sasa limejaa nusu. Watoto wamemchagua kutunza maktaba, na ufunguo uko naye. Kufuli ni moja, na mlango hufunguliwa kila mapumziko.

Nilimwomba aniandikie tena ile ya kuku na fisi.

"Hiyo nilishaisahau, Mama."

Hajasahau. Nimemzaa mimi, namjua.

Daftari lake halilali nyumbani kwetu. Analiweka kwenye rafu, pamoja na vitabu. Nikitaka kulisoma, namaliza kazi ya jikoni, ninanawa masizi mpaka kwenye kiwiko, naenda maktaba. Ninaandika jina langu na tarehe kama watu wengine. Nakaa kwenye benchi nasoma polepole, midomo ikitembea.

Nafula anakaa mbele yangu. Haangalii uso wangu kuona kama hadithi imenifurahisha. Anaangalia mikono yangu, mpaka nilirudishe.