Ute kwenye Kibodi

Kwanza ulikuwa ute. Si maji, si soda iliyomwagika, ni ute mzito wa kuvutika, umetanda juu ya kibodi ya kompyuta ya duka la dawa. Mama Dozi, ndivyo wateja walivyomwita yule mfamasia, aliufuta kwa pamba na spiriti, akainusa ile pamba, akajuta. Ilinuka kinywa cha mgonjwa asiyepigishwa mswaki wiki nzima. Alipomaliza kumhudumia mteja mmoja tu, ute ulikuwa umerudi.

"Panya," alijisemea. Panya gani huyo, jamani, wa kutema mate kwenye kibodi?

Moyoni alijua. Juzi yake alikuja baba mmoja mwenye presha, kabeba chupa ndani ya mfuko mweusi, anataka kujua kama kilichomo kinaendana na vidonge vyake. Kwa maswali ya namna hiyo Mama Dozi alikuwa na programu aliyoiita Mpatanishi. Unaandika dawa upande huu, kirutubisho au mitishamba upande ule, nayo inapekua tafiti. Kijani, zinaendana. Nyekundu, zinagombana. Chini ya rangi inaweka ushahidi: nani alichunguza, akaona nini.

"Inaitwaje hii?" aliuliza.

"Aliyenipa kanikataza kulitaja jina, dada yangu."

"Mashine haitafuti kitu kisicho na jina, baba."

Yule baba akatazama mlangoni, akainama, akamnong'oneza. Mama Dozi akaandika. Mpatanishi ikasema haikijui kitu hicho, je, akiongeze? Hapo ndipo alipojiponza. Hajawahi kumwacha mteja aondoke bila jibu, na sifa hiyo aliipenda mno. Akabonyeza "Ongeza". Alipoinua macho, yule baba keshatoka mbio, chupa kaiacha kaunta. Ndani mlikuwa na mafuta meusi, na kwenye mafuta unywele mmoja mrefu ulikuwa unazunguka polepole, wala hakuna aliyeitikisa chupa. Mtu mwenye akili angeitupa. Yeye aliifungia kabatini, eti mwenyewe atairudia.

Kuanzia siku ile Mpatanishi ikawa kijani tupu.

Mama yake mzazi aliishi chumba cha nyuma ya duka, akitumia vidonge vya kuzuia damu kuganda. Jirani akamletea vidonge vya kitunguu saumu, kasikia vinasaidia moyo. Mama Dozi alijua fika kwamba viwili hivyo vikikutana vinaweza kumtoa mtu damu. Akaangalia Mpatanishi: kijani. Na watu wa kazi yake wana ugonjwa mmoja, wakishaona kijani hawasomi chini.

"Tumia tu, mama. Haina neno."

Haikupita wiki. Mchana mmoja, watu wakiwa wamepungua dukani, mama yake alimwita kwa sauti ya chini.

"Mwanangu, funga mlango. Usinione nimechanganyikiwa. Nikilala, kuna mtu ananilamba fizi."

"Mama, jamani!"

"Shii! Atasikia. Ana ulimi mrefu, wa baridi. Unapita jino kwa jino. Ukikuta kidonda, unatulia hapo."

Alipofungua kinywa, Mama Dozi alishika ukuta, maana fizi zilikuwa zimevimba na kuwa nyeusi kama ini lililolala, damu ikichuruzika polepole bila kukata, na juu ya damu umetanda ute uleule wa kwenye kibodi, wenye harufu ileile, na katikati ya ute ule palikuwa na michirizi mipana, mibichi, kama bakuli lililotoka kurambwa sasa hivi. Alitapika pale pale, miguuni pa mama yake.

Alikimbilia kompyuta, akasoma chini ya ile kijani. "Ushahidi: nimeonja." Akarudi kwa wateja wote wa wiki ile. Nimeonja. Nimeonja. Yule wa kisukari, nimeonja, mtamu.

Hospitali walimsimamishia mama vidonge vyote, wakamchoma sindano, lakini damu iligoma kukata. Daktari akashika kiuno. Ndipo alipoitwa shangazi, dada wa marehemu baba yake, ambaye kutoa mashetani ndiyo kazi yake. Aliingia dukani kaziba pua kwa mtandio.

"Wenzako hukaribisha majini kwa ubani," alifoka kwa kunong'ona. "Wewe umemkaribisha kwa kidole! Mfute."

Mpatanishi ikakataa. Jibu halibadiliki bila ushahidi mpya.

"Basi mpe ushahidi wa aina yake. Onja wewe, halafu useme. Lakini uteme, unanisikia? Ukimeza, umemhamisha tu."

Mama Dozi akaitoa chupa. Alimfikiria mama yake, akafumba macho, akamimina. Mafuta yalikuwa ya vuguvugu kama yametoka mdomoni mwa mtu mwingine, yana ladha ya usaha na sarafu, yakatambaa chini ya ulimi yakitafuta pa kupita, na alipotema kwenye ndoo alihisi ule unywele umebaki, unateleza kooni, unashuka wenyewe taratibu bila haraka yoyote.

"Umetema?"

"Nimetema, shangazi."

Akaandika: "Nimeonja. Hakiendani na binadamu." Skrini ikawa nyekundu. Ute ukakauka, ukabanduka kama gamba la kidonda. Jioni ile damu ya mama yake ikakata, na shangazi akaenda zake akimshukuru Mungu.

Mama alirudi nyumbani akila vizuri, fizi zimepona. Siku ya kuanza tena vidonge vya damu, Mama Dozi alimletea kimoja na maji.

"Umeangalia kwenye kompyuta kwanza?" mama aliuliza.

"Sihitaji tena, mama. Haina neno."

"Umejuaje?"

Mama Dozi alitabasamu, akapitisha ulimi kwenye midomo yake, ukafika mpaka kidevuni.

"Nimeonja."