Duka la Baba Limegoma Kufunguka

Nyumba hii huamka na pasi. Kabla chai haijachemka, Mama huwa ameshatandika blanketi juu ya meza, amenyunyiza maji kwenye kola za mashati ya watu, na mvuke umejaa sebule nzima. Mama ni dobi. Anafua, anaanika uani, anapiga pasi. Na hataki mchezo na umeme. Kitu kikiwa kwenye soketi na hakuna mtu mbele yake, yeye anachomoa. Feni anachomoa. Redio anachomoa. Ukiacha simu kwenye chaja ukaenda kuoga, utarudi ukute chaja imekunjwa vizuri iko kabatini.

"Umeme hauna undugu," husema. Basi, hapo mazungumzo yameisha.

Baba alikuwa mwokaji. Mtaani wanamwita Mzee Mkate mpaka leo, ingawa hajaoka tangu alipopata kiharusi. Mdomo wake ulirudi sawa. Mguu nao ukarudi. Mkono wa kulia ndio uliobaki mzito, na vidole havikutaka kushika kitu.

Siku moja alitoka uani kumsaidia Mama kuanika. Alichukua kibanio cha nguo, akajaribu kukibana, kikaanguka. Akakiokota. Kikaanguka tena. Baba akakiacha palepale, akaingia ndani, na tangu siku hiyo hakuusogelea tena waya wa nguo.

Mtaalamu wa mazoezi ya viungo alimpa mpira laini wa kubinya. Baba aliubinya kidogo, kisha akautupa juu ya kabati.

"Mimi mtu mzima na ndevu zangu," alisema. "Nichezee mpira?"

Ajabu ni kwamba mtu huyohuyo aliyekataa mpira alikubali gemu. Binti yake, anayefanya kazi kwenye duka la dawa, alimwekea kwenye kompyuta ya mezani gemu ya kuoka mikate. Unakanda unga kwa kusogeza kipanya. Unakata maandazi kwa kubonyeza kitufe. Unauza, unapata faida, unafungua duka jingine. Mtaalamu alipoiona alifurahi.

"Cheza, mzee, lakini kwa mkono wa kulia," alisema. "Tunachotaka ni vidole vifanye kazi."

Baba alianza na kibanda kimoja. Mwanzoni alimwaga unga ovyo. Siku zikaenda, kidole kimoja kikaanza kutii, kisha cha pili. Kibanda kikawa duka, duka likazaa maduka mengine. Lile kubwa kuliko yote alilipa jina: Kwa Mama Pasi. Mama alijifanya hajali, lakini wageni wakija alikuwa anawaonyesha.

"Subirini!" Baba alikuwa akiwafokea wateja wa kwenye skrini. "Mkate si maji ya moto!"

Asubuhi moja gemu ilileta ujumbe. Kuna toleo jipya. Je, unataka kusasisha? Baba akabonyeza ndiyo. Mstari mwembamba ukaanza kujaa polepole kwenye skrini. Baba aliutazama ukitambaa, akachoka, akachukua taulo akaenda kuoga.

Mama akapita na pasi mkononi. Akaona kompyuta imewaka na kiti kitupu. Mnajua alichofanya.

Baba aliporudi alikuta skrini nyeusi na pasi imechomekwa kwenye soketi. Hakushangaa, maana ameyazoea ya mkewe. Alisubiri mashati yaishe, akachomeka kompyuta, akaiwasha. Kompyuta ikawaka vizuri. Akafungua gemu yake.

Skrini ikawa nyeusi. Kikatokea kisanduku chenye maandishi madogo. Baba akakifunga haraka, kama mtu anayefukuza nzi. Akajaribu tena. Kikatokea tena, akakifunga tena.

"Mama nanihii!" aliita. "Duka limegoma kufunguka! Nimefilisika!"

Mama alicheka. Kisha akauona uso wake, akaacha kucheka.

Mchana akaja kaka yake Mama. Watu humwita Mjomba Najua, kwa sababu kila jambo, hata lile analolisikia kwa mara ya kwanza, yeye analijua.

"Najua," alisema, akavuta kiti. "Hiyo ni apdeti mbaya. Dawa yake moja tu. Tunafuta gemu yote, tunaiweka upya."

"Na maduka yangu?" Baba akauliza.

"Hayo yatafutika, shemeji. Utaanza upya. Mwanzo mgumu, mbele rahisi."

Baba aliutazama mkono wake wa kulia uliolala juu ya paja.

"Mimi nikiambiwa nianze upya, sianzi," alisema taratibu. "Nakwambia kweli. Nitaacha."

Mama alisikia kutoka kwenye meza ya pasi, na moyo ukampasuka. Aliujua mpira ule uliokuwa juu ya kabati. Alikijua kile kibanio kilichoanguka. Gemu hii ikifa, na mkono utalala.

"Basi kuna njia nyingine," Mjomba akasema. "Nimeona kwenye mtandao mtu anagawa dawa ya gemu bure. Unapakua tu. Ila anasema lazima kwanza tuzime antivirusi."

Wakati huo binti alikuwa anaingia kutoka kazini. Alisikia maneno ya mwisho, akatupa mkoba kwenye kochi.

"Mjomba, toa mkono kwenye kipanya!" alisema. "Mtu usiyemjua anakwambia ufungue mlango, umwondoe na mlinzi, na wewe unakubali?"

"Aa, mimi nilikuwa natoa wazo tu."

"Usibonyeze kitu. Naenda juu kumwita Fundi Taratibu."

Fundi Taratibu ni mama jirani wa ghorofa ya juu. Kazi yake ni kutengeneza kompyuta za maofisini. Alipewa jina hilo kwa sababu ndilo neno lake. Hata ngazi anashuka taratibu.

"Hodi hapa."

"Karibu, fundi, karibu. Gemu ya mzee imekufa."

"Shikamoo, mzee. Tusiizike kwanza. Imesemaje?"

"Marahaba. Haijasema kitu. Inagoma tu."

"Hakuna maandishi yoyote?"

"Yapo maandishi," Baba akakubali. "Nayafunga. Yananikera."

Fundi akacheka. "Mgonjwa anakueleza panapomuuma, wewe unamziba mdomo? Tuyasome leo."

Akafungua gemu. Kisanduku kikatokea. Safari hii hakuna aliyekifunga. Binti akasoma kwa sauti: "Baadhi ya mafaili hayajakamilika. Gemu haiwezi kuanza."

"Hayajakamilika," Fundi akarudia. "Mzee, gemu ilipokuwa inasasishwa, kompyuta ilizimwa vipi?"

Baba akamtazama Mama. Mama akaitazama pasi. Hata Mjomba Najua, kwa mara ya kwanza, alionekana hajui.

"Nilichomoa," Mama akasema, akakaa kitako juu ya kapu la nguo. "Jamani, ni mimi. Niliona hakuna mtu. Nikachomoa, kama siku zote."

"Kumbe!" Baba akasema. "Kumbe duka la Kwa Mama Pasi limefungwa na Mama Pasi mwenyewe!"

Binti akaangua kicheko. Mama hakucheka. Machozi yalikuwa yanamlengalenga.

"Usilie, mama," Fundi akamwambia. "Hukujua. Ngoja nimuulize mwokaji swali. Mzee, mkate ukiutoa kwenye oveni nusu umeiva, unakuwaje?"

"Nje mkate, ndani uji," Baba akajibu papo hapo.

"Ndivyo ilivyo gemu yako. Sasisho ni kazi ya kuleta mafaili mapya mahali pa yale ya zamani. Umeme ulikatika katikati. Mengine yameshakuwa mapya, mengine nusu, mengine hayapo. Lakini uzuri wake ni huu: mkate wa namna hiyo unautupa. Gemu tunaweza kuirudisha kwenye oveni."

"Na maduka?" Baba akauliza. Sauti yake ilikuwa ndogo.

"Hayo ndiyo tunayoanza nayo, kabla ya kugusa kitu kingine. Gemu nyingine hutunza maendeleo yako kwenye mtandao. Nyingine huyatunza kwenye kompyuta yako tu, kwenye folda yake. Tuangalie yako."

Akafungua folda moja, akafungua nyingine ndani yake. Akasimamisha kidole kwenye skrini.

"Haya hapa. Yamo kwenye kompyuta hii tu. Mngefuta kila kitu bila kunakili, huenda na haya yangekwenda."

Mjomba Najua akakohoa, akaanza kukagua dari.

"Kwa hiyo yapo?" Baba akauliza.

"Yapo, mzee. Yote."

Baba akashusha pumzi ndefu, na mabega yake yakashuka pamoja nayo. Fundi akachomeka flashi, akanakili ile folda, akaifungua kwenye flashi kuhakikisha imefika.

"Sasa hata tukikosea, tunajua pa kurudi," alisema. "Taratibu. Jambo moja, kisha tunajaribu. Ukifanya mambo kumi kwa pamoja, hutajua lipi limeponya na lipi limeharibu."

Kwanza aliizima kompyuta kwa kitufe cha kwenye skrini, akaiwasha tena. Gemu ikagoma. Kisha akaangalia kama kompyuta ina nafasi ya kutosha, maana sasisho likikosa nafasi nalo hukwama. Nafasi ilikuwepo. Halafu akafungua programu ileile iliyoleta gemu, akatafuta kwenye menyu yake.

"Hapa pameandikwa Kagua na Urekebishe Mafaili. Gemu nyingi zina sehemu kama hii. Itahesabu mafaili yake yenyewe, yaliyokosekana itayaleta, yaliyoharibika itayabadilisha. Inatoka kwa wenyewe walioitengeneza, si kwa mtu wa mtandaoni anayetaka uzime ulinzi."

Akabonyeza. Mstari mwembamba ukaanza kutambaa.

Hapo ndipo ungemwona Mama. Alisimama mbele ya soketi, mikono kiunoni. Mashati ya watu yalilala kwenye kapu na pasi ikapoa. Mjomba alipotaka kupita kwenda kunywa maji, Mama alimzuia.

"Zunguka huko! Usije ukajikwaa kwenye waya."

"Dada, najua..."

Wote wakamgeukia.

"...najua kunyamaza," akamalizia.

Mstari ukajaa. Fundi akasogea pembeni.

"Fungua mwenyewe, mzee. Mkono wa kulia."

Baba akashika kipanya. Kidole kikabonyeza. Skrini ikawa nyeusi. Kisha mlango wa duka ukafunguka, taa zikawaka, na pale juu likasomeka: Kwa Mama Pasi. Wateja walikuwa wamepanga foleni, wote wamenuna.

"Nimekuja! Nimekuja!" Baba akapiga kelele. "Mbona mna haraka hivyo?"

Mama alimshika Fundi mkono. Akashika shati la mteja lililokuwa karibu, akajifutia macho.

Kabla hajaondoka, Fundi aliwaeleza mambo machache. Kompyuta izimwe kwanza kwa kitufe chake, isubiriwe mpaka taa zake zizimike, ndipo ichomolewe. Sasisho likianza, liachwe limalize. Nakala ya maduka iwekwe kwenye flashi mara kwa mara. Na pasi isichangie soketi wala ekstensheni na kompyuta, kwani pasi hula umeme mwingi na waya unaweza kuungua. Jioni hiyohiyo binti na mjomba wake walihamishia meza ya kompyuta kwenye kona ya pili, penye soketi nyingine.

"Lakini mimi najijua," Mama akasema. "Mkono huu una mazoea. Utachomoa tu hata huko konani."

Akatoka uani, akarudi na kibanio chekundu.

"Sasisho likianza, mkibane hiki kwenye waya wa kompyuta. Nikikiona, nitajua kuna mkate kwenye oveni."

Tangu hapo ikawa desturi ya nyumba. Kila gemu ilipotaka kusasishwa, binti alibana kibanio kwenye waya, na Mama alipita mbali kama mtu anayekwepa mbwa mkali. Baba aliendelea kukanda, kukata, kuuza na kugombana na wateja wake.

Miezi ikapita. Siku moja binti alikuwa kazini. Mama alikuwa uani anaanika mashuka. Aliingia ndani kuchukua beseni, akaona kompyuta imewaka na kiti kitupu. Mkono wake ukaenda wenyewe kwenye soketi, kisha ukasimama.

Kwenye waya palikuwa na kibanio chekundu.

Mama alikitazama sana. Asubuhi, alipokuwa anafagia, hakikuwepo. Ndani ya nyumba walikuwa wawili tu.

"Mzee!" aliita. "Nani amebana kibanio hapa?"

"Mimi," Baba akajibu kutoka bafuni. "Kuna sasisho. Usichomoe!"

"Kwa mkono upi?"

Mlango wa bafu ukafunguka kidogo. Ukatoka mkono wa kulia umejaa povu. Kidole gumba na cha shahada vikakutana, vikaachana, vikakutana tena.

Mama akaegemea ukuta. Alitaka kucheka, akalia, akafanya yote mawili kwa pamoja. Kisha akachukua beseni lake, akaliweka kiunoni.

"Basi jimwagie maji uje uani haraka," alisema. "Mashuka yananisubiri, na vibanio ni vingi."