Katekisimu ya Fizikia

Nyumba yetu iko Uwemba, juu kidogo ya barabara ya misheni. Kwetu ni baridi. Mwezi wa Juni ukikamua ng'ombe asubuhi, vidole vinakufa ganzi. Wakati ule tulikuwa na ng'ombe wawili, Rozi na Tabu. Mimi nilikamua. Mume wangu Anthony alikata majani. Binti yetu Lidia aliosha ndoo. Kisha mimi na Lidia tulipeleka kwenye kituo cha kukusanyia maziwa, yeye na ndoo ndogo, mimi na ndoo kubwa. Tulipiga soga njia nzima.

Ah, asubuhi zile! Lidia alikuwa na maswali yasiyoisha. Mama, kwa nini midomo yetu inatoa moshi? Mama, kwa nini povu linakaa juu ya maziwa? Nilichojua nilimjibu. Nisichojua nilimwambia, "Tembea, maziwa yatachacha." Siku hizi natembea peke yangu, na natamani niulizwe hata swali moja tu.

Maswali yale niliyakata mimi mwenyewe. Nitasimulia bila kujificha, maana mficha uchi hazai.

Lidia alifaulu darasa la saba, akaingia Kidato cha Kwanza. Alitaka kuwa daktari wa mifugo. Aliona jinsi daktari alivyomsaidia Tabu kuzaa ndama aliyekaa vibaya, na tangu siku hiyo hakutaja kazi nyingine. Mimi nilifurahi mno. Nikamwambia Anthony, "Msomi hanuki samadi. Kuanzia leo Lidia haendi zizini wala kituoni. Kazi yake ni daftari."

Anthony akasema, "Mama Lidia, mtoto kubeba ndoo ndogo kunamzuia kusoma?"

"Wewe acha. Najua mtoto anavyofundishwa."

Nilidhani najua kweli. Baba yangu, mzee Agustino, alikuwa katekista, mwalimu wa dini kanisani. Alifundisha watoto wa kigango chetu miaka mingi. Alishika kitabu cha katekisimu mkononi, akauliza, nasi tukajibu kwa pamoja, neno kwa neno. Neno moja likiruka, tulianza upya. Mpaka leo nikiamshwa usingizini nitajibu bila kukosea. Baba ameshafariki, Mungu amrehemu. Sauti yake bado naisikia.

Basi nikafanya kama baba. Kila siku tulipomaliza kazi za shamba, niliketi na Lidia uani. Masomo yake karibu yote yalikuwa kwa Kiingereza, na Kiingereza mimi sikijui. Lakini herufi nazisoma. Nilishika daftari la fizikia, nikafuata kwa kidole.

"Densiti," nilisema.

"Densiti izi masi pa yuniti volyumu," Lidia alijibu.

"Umeruka neno. Anza upya."

Aliimba daftari zima. Fizikia, kemia, biolojia, hata kanuni za hisabati. Majirani walipita wakasimama kusikiliza. Nilijiona mimi ndiye mzazi wa mfano. Na nitasema ukweli, nilizipenda jioni zile. Nilimsikia baba yangu ndani ya sauti ya mwanangu. Ndiyo maana sikuona kwamba mtoto ameacha kuuliza maswali.

Mwaka ukaisha, akaingia Kidato cha Pili. Mwezi wa Juni Mwalimu Amos, anayefundisha fizikia, akaniita shuleni. Akanipa karatasi za mtihani. Fizikia, alama kumi na moja kwa mia. Hisabati, nane.

"Mama, Novemba wana upimaji wa Kidato cha Pili," Mwalimu Amos alisema. "Akienda hivi, mwakani hapa hatachukua fizikia wala kemia. Na bila hizo, udaktari wa mifugo asahau."

"Mwalimu, huyu mtoto anajua daftari zima!"

"Daftari analijua. Majibu hana. Yapeleke maswali haya nyumbani, mkayaangalie."

Nilitoka pale nimefura. Nilijiambia kwamba mwalimu huyu anamwonea mwanangu. Sikuziangalia karatasi hata kidogo. Nilizikunja nikazitia kwenye kikapu.

Kesho yake ilikuwa Jumamosi. Anthony alikuwa amekwenda Makambako kupeleka mbao, kwa hiyo Lidia akanisaidia kubeba maziwa. Ilikuwa mara ya kwanza baada ya mwaka na nusu. Alitembea kimya. Macho yalikuwa yamevimba.

Kituoni mpokeaji maziwa alikuwa Rehana, binti wa Makambako. Alisoma sayansi mpaka Kidato cha Sita, kisha akasomea mambo ya maziwa chuoni. Baba yake, mzee Kheri, ni dereva wa lori. Rehana alikuwa mpole, lakini maziwa yako yakiwa na maji hata tone, alikurudisha nayo nyumbani mbele za watu.

"Shikamoo, mama. Kamwene!" alinisalimu. Kibena chake, lugha yetu ya hapa, kilikuwa ni hilo neno moja, akilitumia kila siku.

"Marahaba. Kamwene, mwanangu. Leo nina hasira."

Nikamweleza yote. Sikutaka ushauri. Nilitaka mtu wa kukubaliana nami. Nikatoa daftari la fizikia kwenye kikapu nilichokuja nacho, nikamkabidhi. "Shika hili, umuulize popote. Utaona kama mtoto huyu anastahili kumi na moja."

Rehana akauliza, na Lidia akaimba. Densiti, presha, nguvu, hakuruka neno.

"Unaona!" nilisema.

Rehana akafunga daftari. Alichukua laktomita yake. Ni kijiti cha kioo chenye tumbo chini na namba juu, ambacho hutumbukizwa kwenye maziwa kuyapima. Alikitumbukiza kwenye maziwa yetu, kikaelea. Kisha akamimina kidogo ya maziwa yale kwenye kopo lingine, akaongeza maji. Akakitumbukiza tena. Kikazama zaidi.

"Lidia, mdogo wangu," alisema. "Nieleze kwa Kiswahili. Kwa nini kimezama zaidi?"

Lidia akatazama kile kioo. Akafungua mdomo. "Densiti izi..." Machozi yakaanza kumtiririka.

Mimi sikuweza kuvumilia. Nikadakia, "Si kwa sababu umetia maji! Maziwa halisi yana uzito wake. Chukua kikombe cha maziwa na kikombe kile kile cha maji, maziwa yatazidi kidogo. Kwa hiyo maziwa yanakibeba vizuri kijiti chako. Ukiyachanganya na maji yanapungua uzito, hayana nguvu ya kukibeba, kinashuka. Kila mwanamke anayeleta maziwa hapa anajua hilo!"

Rehana akatabasamu. "Mama Lidia, una karatasi ya mtihani hapo?"

Nikaitoa kikapuni. Akaifungua, akaweka kidole kwenye swali la tatu, akalisoma kwa Kiswahili. "Kitu kimoja kinaelea kwenye kimiminika A na kimiminika B. Kwenye B kinazama zaidi. Kipi kina densiti kubwa? Toa sababu." Akanitazama. "Umelijibu sasa hivi, mama. Alama kumi hizo."

Nilikaa juu ya ndoo yangu. Kumbe miaka yote hiyo mtihani wa mwanangu nilikuwa nao kichwani mwangu, na mimi ndiye niliyemfukuza njiani asiujue.

"Densiti ni hiyo tu?" Lidia aliuliza kwa sauti ndogo.

"Ni hiyo," Rehana alisema. "Ni uzito wa kitu ukilinganisha na nafasi kinayochukua. Sasa maneno uliyokariri yana kitu ndani yake. Mwanzo yalikuwa magunzi bila mahindi."

Nikamuuliza Rehana, "Sasa mimi nifanye nini? Kiingereza sijui. Fizikia sijui."

"Baba yangu aliishia la nne, mama. Alikuwa ananiambia, 'Nieleze mimi dereva, nielewe.' Nisipoweza kumweleza, wote wawili tunajua kwamba sijaelewa. Kesho yake namfuata mwalimu. Wewe pia usimshikie daftari. Afunge daftari, akueleze kwa Kiswahili. Akimaliza, aseme tena kwa Kiingereza, maana mtihani ni kwa Kiingereza. Maneno magumu ayaandike kwenye kidaftari, na maana yake pembeni."

"Na hisabati?"

"Hisabati haisomwi kwa macho. Ni kalamu. Maswali matano kila siku ni bora kuliko hamsini siku ya Jumapili. Na akikosa usimgombeze. Muulize amepotea hatua ipi. Karatasi yenye makosa ina faida kuliko daftari safi."

Lidia alikuwa bado ameinama juu ya kopo. Ghafla akasema, "Dada Rehana, mbona mafuta ya maziwa ni mazito, kijiko kinasimama, lakini yanaelea juu ya maziwa?"

Nilitaka kumwambia anyamaze, watu wako foleni. Lakini Rehana alipiga makofi. "Hilo ndilo swali la mwanasayansi! Kuwa mazito kwa kijiko ni jambo moja. Kupima zaidi kwa kikombe kile kile ni jambo jingine. Nenda nyumbani upime."

Tulirudi tukiongea njia nzima. Ilikuwa kama zamani.

Anthony aliporudi jioni, nilimweleza yote. Alicheka mpaka akakohoa. "Katekisimu ya fizikia!" alisema. "Mama Lidia, umetaka kumpa mtoto komunio ya densiti."

Nilinuna, kisha nikacheka pia. Lakini moyoni niliona uchungu. Kuacha kumwimbisha Lidia kulikuwa kama kumzika baba mara ya pili. Nilimwambia Anthony hivyo. Akanijibu, "Sala za baba yako zilikuwa sala. Hapo hakuna aliyekosea." Maneno yale yalinituliza.

Jumatatu nilikwenda shuleni kumwomba radhi Mwalimu Amos. Alishangaa. Alisema kuuliza si ujinga, na Lidia aje kwake saa ya mapumziko na maswali yake, hata kama ni madogo.

Nyumbani tukabadilika. Asubuhi Lidia alirudi kubeba ndoo ndogo. Jioni alifunga daftari akanieleza. Nami nilijifunza maneno mawili tu ya kumsaidia, "Umejuaje?" na "Nionyeshe." Mafuta tuliyapima kikombe kwa kikombe kwenye mizani ya jirani yetu Beatrisi, yakawa mepesi kuliko maziwa. Lidia aliruka kama mtoto wa mbuzi.

Hisabati ilikuwa ngumu zaidi. Siku moja alisema zile herufi zinamchanganya. Anthony akatua shoka, akasema, "Rozi na Tabu jana wametoa lita kumi na nne. Rozi kamzidi Tabu lita nne. Tabu katoa ngapi?"

Lidia akaandika: Tabu ni x, Rozi ni x kujumlisha nne. Akahesabu. "Tabu tano, Rozi tisa!"

"Sasa hiyo x ni nini?"

"Ni kitu ambacho bado sijakijua."

"Basi usikiogope. Kina jina tayari."

Hatukufaulu mara moja. Jaribio la hisabati la Agosti alipata thelathini na nne, nami usiku sikula. La Septemba alipata arobaini na tisa. Mtihani wa Novemba ukaja, na majibu yakatoka mwezi wa Januari. Fizikia B, kemia C, hisabati C. Akaendelea na sayansi zote. Nilimpelekea Rehana kuku, akamkataa, kisha akamchukua.

Sasa Lidia yuko Kidato cha Nne. Darasa lao limewekwa bweni ili wajiandae na mtihani, kwa hiyo nyumbani anakuja likizo tu. Rehana amehamishiwa Makambako karibu na wazazi wake. Rozi tulimuuza. Mambo mengi ya miaka ile yamepita, na mimi huyakumbuka nikiwa njiani na ndoo yangu.

Juni hii Lidia alikuja. Usiku wa pili ikaanguka sakitu, ule umande unaoganda. Asubuhi tukakuta viazi vya bondeni vimeungua vyote, na vya mlimani vimepona. Nilisikitika sana. Nikamuuliza, "Mwanangu, wewe msomi. Kwa nini sakitu imechagua bonde?"

Lidia akachuchumaa. Akashika majani yaliyoungua, akatazama juu mlimani, akatazama chini.

"Sijui, mama," alisema.

Mwaka ule na nusu wa kuimba hakuwahi kuniambia neno hilo hata mara moja. Siku zote alikuwa na jibu.

"Lakini tunaweza kujua," akaendelea. "Tutafute vikombe viwili vinavyofanana. Jioni tuweke maji sawa, kimoja hapa, kimoja kule juu. Kesho tuone kipi kimeganda, halafu tufikirie kwa nini."

Jioni ile yeye alishuka bondeni na kikombe chake. Mimi, na magoti yangu haya, nikapanda mlima na changu.