Gari la Ngassa Lililokatwa Paa

Kiti cha dereva kilikuwa na joto. Mektilda alikigusa tena, maana jua lilikuwa halijachomoza na gari halijawashwa tangu mumewe, Ngassa, azikwe mwaka jana. Aliketi kiti cha pili, akanusa tumbaku ya marehemu. Hakuogopa. Alifurahi, na tangu siku hiyo kila asubuhi alikwenda kumsalimia.

Lilikuwa gari la mashindano, la milango miwili, na Ngassa hakukubali libadilishwe hata skrubu. Lakini soko huria lilishafika kijijini kwao, Ngulyati. Wanunuzi binafsi waligombea pamba, na mwenye gari la mizigo alikuwa mfalme. Mihayo, mtoto wao wa pekee, akaleta injini ya dizeli kutoka Mwanza na msumeno wa chuma.

“Mayu, nakata paa, nalifanya pikapu,” alimwambia mama yake.

“Liache kama baba yako alivyoliacha. Yumo.”

“Baba yuko makaburini, mayu.”

Sikio la kufa halisikii dawa. Msumeno ulipogusa paa, mtu aliguna ndani ya gari. Mihayo alisikia, akaendelea kukata. Injini ya zamani akaiuza kama chuma chakavu.

Msimu ulipofunguliwa, mchana kweupe, mbele ya wapima pamba, gari lilijiwasha bila dereva, likamwaga mzigo barabarani, likapita mashamba na zizi la ng'ombe, likaja kusimama mlangoni kwa Mektilda, likitetemeka na kukohoa kikohozi kikavu kilichomuua Ngassa, na tumbaku ikanuka hadi jikoni. Kesho yake Mihayo akaanza kukohoa vilevile, akitema damu.

Mektilda alimwita Salu, mganga wa Sapiwi. Salu alipapasa paa lilipokatwa.

“Wazee wetu huwajengea marehemu kibanda,” alinong'ona. “Nyinyi hamkujenga, akakaa humu. Mmembomolea, sasa anahamia kifuani mwa mwanao. Rudisheni gari lilivyokuwa, au afukuzwe.”

“Injini ya zamani imeshayeyushwa,” Mihayo alisema, akilia.

“Basi mke ndiye amwambie. Hatamsikia mwingine.”

Mektilda aliumia moyo. Miaka thelathini alimpenda mtu huyu, na leo yeye ndiye wa kumfukuza. Alishika mlango wa gari kwa mikono miwili.

“Baba Mihayo,” alisema taratibu, “nenda.”

Injini, iliyokuwa ikinguruma tangu gari lisimame mlangoni, ilinyamaza. Kisha sauti ya upole ikatoka, ikimwita kwa jina la baba yake kama Ngassa alivyozoea.

“Niende wapi, ng'wana Mashimba?”

Mektilda alimtazama mwanawe akihema chini ya ukuta.

“Njoo kwangu,” alisema, akijigusa kifuani.

Mihayo akaacha kukohoa.