Kituo Kilipoacha Kunuka

Siku pampu mpya ilipowashwa, kituo cha majitaka kiliacha kunuka.

Wenzake walifurahi, ila Shamsa akaingiwa na wasiwasi. Fundi aliyezoea mashimo yale anajua kwamba harufu ikikatika ghafla, huenda gesi imeua pua kabla ya kumuua mtu. Akateremsha kipima gesi kwa kamba, akakipandisha. Hewa ilikuwa salama. Alipoinama kwenye mdomo wa shimo, kilichomjia puani kilikuwa udi, udi mzuri wa harusini.

"Mzee Okech, unasikia harufu gani?"

Okech, mzee wa Mara aliyeendesha pampu ya zamani pale ufukweni Ilemela mpaka akazeeka nayo, alikuwa amekaa juu ya jiwe, akiitazama mashine yake iliyolazwa uani kama ng'ombe aliyekufa.

"Mimi nasikia kimya, binti yangu," alisema. "Hii ilinguruma usiku na mchana. Walionitangulia hapa walisema ngurumo yake ndiyo inayomfanya aliyeko chini abaki chini. Ninyi mmeleta isiyo na sauti."

Muharami, fundi mwenzake Shamsa na mume wa mdogo wake, Maulida, akacheka, akaendelea kukaza nati.

Alasiri mvua ikamwagika vilimani. Maji yakaanza kuingia shimoni kwa wingi, na pampu mpya ikazima yenyewe. Shamsa akahisi floti, boya linaloiwasha pampu maji yakipanda, imekwama. Muharami akavaa barakoa na mkanda wa usalama, akafungwa kamba ya winchi, akashuka ngazi.

"Nikivuta kamba, msichelewe, shemeji," alisema, na giza likammeza.

Kamba ilivutwa mapema kuliko walivyotarajia. Wakazungusha winchi, Muharami akapanda, akatoka, akajifungua mkanda bila neno. Shamsa akamuuliza kama ameifikia floti. Alikuwa anatabasamu kidogo, mikono ameikunja kifuani, na Shamsa alipomtazama vizuri aliona buti zake ni kavu, suruali yake haina hata tone, na ule udi ulikuwa unatoka kwake.

Ndipo sauti ikaita kutoka chini.

"Shemeji. Mbona mmepandisha kamba na mimi bado nipo huku?"

Shamsa akainamia shimo. Ilikuwa sauti ya Muharami, yenye kukwaruza kwa sababu ya barakoa.

"Nilijifungua kidogo niifikie floti," sauti ikaendelea. "Nikaona kamba inapanda. Ngazi imeng'oka. Maji yamefika kiunoni, shemeji, nishushieni."

"Usimjibu," akanong'ona yule aliyesimama juu. "Ukimshushia kamba, utampandisha yeye."

Okech alikuwa ameshika rozari, midomo inamcheza. Shamsa akamtazama huyu wa juu, aliye mkavu na mtulivu, aliyemjua sura tangu siku aliyokuja kumposa Maulida, kisha akasikiliza maji yakipanda na yule wa chini akianza kukohoa na kulia na kumtaja Maulida kwa jina, na akajua kwamba akikosea upande wowote, atakuwa amemuua mume wa mdogo wake kwa mkono wake mwenyewe, na hakukuwa na mtu wa kumuuliza wala muda wa kungoja, basi akaanza kusoma Ayatul Kursiyyu kwa sauti, akaukamata mkanda, akautupa shimoni.

"Binti yangu, una hakika?" Okech aliuliza.

"Sina. Zungusha."

Kilichopanda kilikuwa kizito. Kilitoka kimejaa kinyesi mpaka kifuani, kinanuka kama kitu chochote cha Mungu kinavyonuka kikitoka humo, kikaanguka sakafuni kikitapika. Shamsa akamkumbatia vilevile alivyo, akilia. Alipogeuka, yule mwingine hakuwepo. Nje, pikipiki ya Muharami ilikuwa inawaka, kisha ikasikika ikipanda barabara.

"Anaelekea wapi?" Okech akauliza.

Muharami akainua uso. "Nyumbani," alisema. "Maulida yuko peke yake."

Simu ya Maulida iliita mpaka ikakatika. Wakapanda gari la mradi, Shamsa akaliendesha katikati ya mvua hadi nyumbani kwao Nyakato, akipiga honi njia nzima, Muharami pembeni yake akiwa ameng'ang'ania dashibodi kwa mikono iliyochafuka. Jua lilikuwa bado halijazama walipofika. Pikipiki ilikuwa imeegeshwa mlangoni. Mlango ulikuwa umefungwa kwa ndani, na madirisha yote mapazia yameshushwa.

Muharami akagonga kwa viganja vyote viwili. "Maulida. Mke wangu. Fungua."

Kisha wakasikia miguu mitupu ikija taratibu, ikasimama nyuma ya mlango.

"Mume wangu ameshaingia," Maulida alisema kwa sauti ya chini. "Ameniambia atakuja mtu anayefanana naye, nisifungue."

Shamsa akasogea, akaweka mdomo kwenye upenyo wa mlango.

"Mdogo wangu, nisikilize. Uliyenaye humo si mumeo. Toka polepole, uje kwangu. Ni mimi, dada yako Shamsa."

Maulida aliposema tena, alikuwa analia.

"Wewe ni nani?" aliuliza. "Dada Shamsa yuko humu ndani. Wameingia pamoja. Amenishika mkono."