Kura ya Bibi Roswitha

"Jemadari wa mafagio! Kumbe wewe ndiye unayetaka tumwajiri mfagiaji!" Bwana Eugen alifoka kutoka ghorofa ya juu. "Miaka yote umetusimanga kwa vumbi!"

"Nani kakwambia nilivyopiga kura?" Bibi Roswitha aliuliza kutoka mlangoni pake.

Milango ikafunguka juu na chini. Katika mji ule wa Uswabi, kusini mwa Ujerumani, wapangaji hufagia ngazi kwa zamu, na hakuna aliyezifagia kama Bibi Roswitha.

Svenja, msichana wa miaka kumi na miwili, alisimama katikati ya ngazi na mkoba wa shule mgongoni. Yeye ndiye aliyehesabu kura za siri za wapangaji kuhusu mfagiaji. Kwenye kura moja aliutambua wino wa kijani. Katika jengo lile ni Bibi Roswitha pekee aliyeutumia. Bwana Eugen alipomdodosa, akaropoka.

Na neno la kumwonya alikuwa nalo! Wiki iliyopita mwalimu aliwafundisha *Wahlgeheimnis*, yaani siri ya kura. Svenja aliliandika bila kosa, akasifiwa.

"Goti langu limekwisha," Bibi Roswitha alisema polepole. "Nikiinama, siinuki. Sikutaka mtu ajue."

"Ni mimi niliyesema, Bibi," Svenja alilia. "Nisamehe."

"Nimekusamehe, mwanangu. Lakini wameshajua wote. Utawasahaulisha?"

Svenja alitamani ngazi zimmeze.

Mama yake, aliyekuwa mlangoni pao, akamshika bega. "Neno ulilijua kwa kalamu tu, Svenja. Aliyetumbukiza kura yake sandukuni amekukabidhi aibu yake na hofu yake. Kazi yako ni kuhesabu na kufunga mdomo, hata akikuuliza mtu mzima."

Bwana Eugen akashuka, macho chini. "Mtu mzima mwenyewe ndimi. Nilimchokonoa mtoto. Jirani, zamu zako nitafagia mimi."

"Wewe? Vumbi la pembeni hata hulioni!"

"Utanikaripia, kama kawaida yako."

Mpangaji mmoja wa juu akacheka. Bibi Roswitha hakucheka, ila alifuta macho kwa aproni, akaufungua wazi mlango wake.

"Basi, ingieni. Na wewe, Svenja, acha kulia. Dengu na soseji zinapoa."