Mhojiwa wa Mia Nne

Kura zilizidi moja.

Wanafunzi wa uhandisi waliokuwa darasani walikuwa thelathini na sita. Mwalimu alikuwa amewahesabu mwenyewe kabla ya kuwagawia vikaratasi. Ndivyo alivyozoea kuanza somo la siasa katika kila kitivo: kwanza darasa lichague kiongozi wake, kwa siri, kwa kutumia sanduku la kadibodi alilotembea nalo kwapani kutoka jengo hadi jengo. Kwa sababu ya sanduku hilo wanafunzi walikuwa wamembandika jina la Bwana Sanduku. Siku hiyo alitoa ndani yake vikaratasi thelathini na saba.

"Umeiba kura, Bwana Sanduku!" alipaza sauti mmoja wa nyuma, na darasa zima likaangua kicheko.

"Nimwibie nani, mimi hata chama sina?" alijibu, akacheka nao.

Lakini kikaratasi cha mwisho kilikuwa na unyevu, kikinuka majivu yaliyomwagiwa maji. Hapakuwa na jina la mgombea. Paliandikwa namba tu: 400.

Kesho yake kwenye kitivo cha tiba kura zilizidi moja. Keshokutwa kwenye kilimo zikazidi moja. Namba ileile, harufu ileile. Mwalimu alihisi ganzi ikianzia kwenye ncha za vidole, kama mtu aliyelalia mkono, ila hii haikuachia.

Namba aliijua. Utafiti wake kuhusu wapiga kura ulihitaji wahojiwa mia nne, naye alikuwa amewahoji mia tatu tisini na tisa. Wa mwisho alihama kabla ya kufikiwa. Ripoti ilitakiwa upesi, mwalimu alikuwa hoi, basi akaketi akajaza dodoso la mtu asiyekuwapo. Ili lisitiliwe shaka, alimpa umri wake mwenyewe, mke muuguzi kama wake, binti wa miaka saba kama wake, na nyumba yenye mlango wa kijani kama yake. Mwisho akaweka sahihi yake, akiipinda kidogo. Utafiti ukasifiwa, vitivo vyote vikaanza kuufundisha, na sasa alikuwa anangojea uprofesa.

Jioni ya siku hiyo ya tatu alimkuta binti yake akipanga sahani mezani. Zilikuwa nne.

"Tuna mgeni, mama?" alimuuliza.

"Mgeni gani? Hii yako, hii ya mama, hii yangu, hii ya baba."

"Baba si ndiye mimi?"

Mtoto alimtazama kwa upole, kama anavyotazamwa mtu msahaulifu. "Baba mwingine. Yeye huwahi kurudi."

Mkewe alitoka jikoni na sufuria mkononi. "Mume wangu," alinong'ona, "alasiri ulipoingia kulala, mbona nilikuita hukuitika?"

"Alasiri nilikuwa nafundisha."

Sufuria ikamponyoka. Na kabla haijaacha kuyumba sakafuni, walisikia kiti kikiburutwa chumbani, taratibu, kama kinavyoburutwa na mtu asiyetaka kuwasumbua wenzake, kisha kalamu ikaanza kukwaruza karatasi, ikaandika, ikasita, ikaandika tena, huku harufu ya majivu mabichi ikipenya chini ya mlango na kuwazunguka miguuni, na mwalimu, aliyepaswa kupiga kelele, akasimama tu akisikiliza.

Siku iliyofuata alilipeleka dodoso kwa shangazi wa mkewe, aliyejulikana kwa kutoa majini.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Mbona mkono baridi hivi?" Akainusa karatasi, akaiweka mbali naye. "Umejenga nyumba ukaiacha tupu. Jini kaona haina mwenyewe, kaingia. Sasa anataka na mke, na mtoto, maana umemwandikia."

"Nifanyeje?"

"Simama mbele ya wote uliowafundisha. Sema: mtu huyu hayupo, nilimtunga mimi. Akishakanwa hadharani hana pa kukaa. Lakini usiichane, unanisikia? Mle ndani umejiandika wewe. Ukiichana, atakayefutika ni wewe, na yeye atabaki."

Ijumaa vitivo vyote vilikutana katika ukumbi mkubwa. Mwalimu alipanda jukwaani, dodoso mkononi, maneno yakiwa tayari mdomoni, akamwona mkuu wa chuo safu ya mbele akimtabasamia na faili la uprofesa mapajani, akaona nyuso mia kadhaa zinazomwamini, na kule nyuma kabisa akamwona mtu aliyevaa koti kama lake, ameinua mkono, akisubiri kwa adabu zote kutajwa.

"Leo," alisema mwalimu, "tutazungumzia matokeo ya utafiti wangu."

Akazungumza saa nzima. Alipomaliza, alikwenda ofisini, akajiambia kwamba pasipo karatasi hapana mtu, akaliingiza dodoso katika mashine ya kukatia karatasi. Hakuhisi hofu, hakuhisi aibu, hakuhisi hata nafuu.

Nyumbani ufunguo ulikataa kuingia. Akagonga mlango wa kijani. Mkewe akafungua, bado yumo katika sare ya hospitali, akamtazama kwa huruma ileile anayowapa wagonjwa.

"Karibu. Nikusaidie nini?"

"Mke wangu, ni mimi."

Akarudi nyuma hatua moja. "Mume wangu!" aliita ndani. "Hebu njoo, kuna mtu hapa mlangoni."

Kiti kikaburutwa taratibu. "Muulize anamtafuta nani," ikajibu sauti, na ilikuwa sauti ya mwalimu mwenyewe.

Alitaka kulia, lakini ganzi ilikuwa imeshafika machoni. Nyuma ya mama yake, mtoto alikuwa akiirudisha kabatini sahani ya nne.